Bwana Afya Aliyejilaza Mbele ya Trekta

Bwana Afya hakuingia wodini hata siku moja. Alisimama nje chini ya dirisha, kofia yake ngumu kwapani, kitambaa mdomoni, akapaza sauti iliyowaamsha hata wagonjwa wa wodi ya pili:

"Sista! Mtani wangu amekojoa?"

Kila asubuhi swali lilikuwa hilohilo, na kwa muda mrefu jibu langu nalo lilikuwa hilohilo.

"Bado, Bwana Afya."

Alivaa kofia, akapanda baiskeli, akaondoka bila kuaga.

Jina lake nalijua, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitaja. Kuanzia Kibaha hadi ndani kabisa Kisarawe alikuwa Bwana Afya tu, mtu wa serikali anayekagua vyoo, visima na mabucha. Ilitosha kusikia filimbi yake. Muuza maandazi alifunika sinia, mwenye bucha alitafuta aproni, na asiye na choo alikumbuka ghafla kwamba ana palizi shambani. Alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikawa kama kisu, na soksi ndefu za rangi ya ugoro. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, kwa hiyo Wazaramo wote walikuwa watani zake, na utani huo aliutumia kazini kama wengine wanavyotumia mhuri.

Mtani aliyekuwa akimwulizia dirishani alikuwa mtoto wa miaka minne, Mwanahawa, wa kijiji cha Kibuta. Figo zake zilikuwa zimelala.

Na mimi niseme ni nani, maana habari hii haielezeki bila mimi. Nimezaliwa Mlandizi, kwa wazazi wakulima ambao hawakujua kuandika. Niliuza mananasi kando ya barabara ya Morogoro ili nipate daftari na sare. Nilipata nafasi ya kwenda ng'ambo kwa alama zangu mwenyewe, bila mjomba ofisini wala shangazi wizarani, nikarudi na stashahada ya uuguzi wa watoto ambayo mpaka leo iko ukutani sebuleni kwangu, ndani ya fremu ya mninga. Wapo tuliosoma nao walioolewa hukohuko kwenye baridi. Mimi nilirudi. Kule nilifanya kazi katika wodi ya watoto wanaosafishwa damu kwa sababu figo zimeshindwa, na katika hospitali yetu ya Kibaha hapakuwa na mwingine aliyewahi kumwuguza mtoto wa aina hiyo. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Hapa hatukuwa na mashine za kule. Lakini ipo njia ya tumbo, na njia hiyo nilikuja nayo kichwani. Daktari alitoboa tundu dogo chini ya kitovu cha Mwanahawa, akapitisha mrija mwembamba. Nami niliingiza maji ya dawa niliyoyapasha joto ndani ya beseni, nikayaacha tumboni yanyonye uchafu ambao figo zilitakiwa kuutoa, kisha nikayashusha kwenye chupa chini ya kitanda. Yakiisha kutoka, naingiza mengine. Tuliendelea hivyo mchana na usiku, tukapumzika siku chache, tukaanza tena, tukisubiri figo ziamke zenyewe. Zikiamka, mtoto anakojoa. Zisipoamka, hakuna hospitali tuliyoijua nchini ambayo ingemtunza kwa njia ile maisha yake yote.

Bwana Afya ndiye aliyemleta. Alikuwa Kibuta akikagua vyoo, akafika kwa bibi mmoja mjane aliyemlea mjukuu wake. Mtoto alikuwa ametoka kuugua homa na kuharisha, na sasa mashavu yalikuwa yamejaa, miguu imejaa, na majirani walikuwa wanampongeza bibi kwamba mjukuu amerudisha mwili. Bwana Afya alimtazama mtoto, akabonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki.

"Huyu amekojoa lini?" aliuliza.

Bibi alimtazama juu mpaka chini. "We Mnyamwezi huna haya? Umemaliza kuchungulia vyoo vyetu, sasa unataka kuchungulia na mikojo yetu?"

"Mtani, sitanii. Lini?"

Bibi alifikiri. Akafikiri tena, na uso wake ukabadilika.

Baiskeli ilikuwa imepata pancha. Bwana Afya alimfunga mtoto mgongoni kwa kanga ya bibi, kama mama anavyombeba mwanawe, akatembea naye hadi Kisarawe kupanda basi la Kibaha, filimbi ikining'inia kifuani. Watu waliokuwa mashambani walisimama kuangalia. Wapo waliocheka. Bibi mwenyewe, akikimbia nyuma yake huku machozi yanamtoka, aliniambia baadaye kwamba alishindwa kujizuia: "Nikamwambia, haya, mpagazi, leo umepata mzigo wako!" Wanyamwezi walikuwa wapagazi wa misafara ya zamani, na Wazaramo hawajaacha kuwakumbusha. Bwana Afya alimjibu bila kugeuka kwamba mizigo ya babu zake ilikuwa pembe za ndovu, haikuwa na bibi anayepiga kelele nyuma.

Alikuwa na maneno yake. Akikuta choo kichafu alisema, "Nzi wa hapa ana maisha mazuri kuliko mwenye nyumba." Akikuta kisima kimefunikwa alisema, "Leo nimezeeka, sina mtu wa kugombana naye." Ukimweleza udhuru alikusikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huruma, kisha akauliza swali lilelile aliloanza nalo. Mimi aliniita Sista tulipoelewana. Tulipogombana niliitwa Mzungu wa Mlandizi.

Tuligombana sana. Yeye alijivunia kaptura ya kaki na miaka aliyotembea vijiji, mimi nilijivunia stashahada, na hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kupunguza. Ugomvi mkubwa kuliko wote ulikuwa wa kikohozi.

Kifaduro kilikuwa kimeanza kusikika Kisarawe. Ni kikohozi kinachomkaba mtoto mpaka anakuwa wa bluu, kisha akivuta pumzi anawika kama jogoo mchanga. Zamani nyumba za Kibuta zilikuwa mbalimbali, kila moja katikati ya mihogo na mikorosho yake. Tangu kijiji kilipopangwa kwa mistari, mtoto akikohoa nyumba ya kwanza, wa nyumba ya mwisho anaitikia. Bwana Afya mwenyewe alikuwa ameisifu mistari hiyo mikutanoni kwa sababu iliufanya ukaguzi wa vyoo uwe rahisi. Sasa alikuwa anaitazama kwa macho mengine, ingawa hakusema.

Mtoto mwenye tumbo lililojaa maji ya dawa hana nafasi ya kukohoa. Maji yanasukuma mapafu juu, pumzi inakuwa fupi. Akishikwa na kifaduro katika hali ile, mrija unaweza kuchomoka, tumbo likaoza, au mapafu yakajaa. Niliwaona kule ng'ambo watoto waliovumilia mwaka mzima wa kusafishwa damu wakaondolewa na kikohozi cha wiki moja. Ndiyo maana kule tuliwachanja mapema, na hatukuishia hapo. Mwili wa mtoto ambaye figo zake hazifanyi kazi haushiki chanjo vizuri kama wa mtoto mzima. Basi unamchanja yeye, halafu unawachanja watoto wote wanaomzunguka, ili ugonjwa ukose mlango wa kumfikia.

Daktari wetu hakutaka kusikia. "Mtoto anapigania uhai, wewe unataka kumwongezea sindano?" Nilimweleza, nikamweleza tena, nikaleta kitabu nilichosomea. Homa ilipomwacha Mwanahawa, daktari alisema haya, lakini jukumu ni langu. Nilimdunga pajani mwenyewe. Jukumu sijawahi kulikimbia.

Bwana Afya nilimweleza siku hiyohiyo kwenye dirisha. Nilidhani atafurahi.

"Umemchanja yeye," alisema. "Na binamu zake?"

"Ndiyo ninayokwambia. Lazima nao wachanjwe. Sindano tatu, kila moja mwezi wake."

"Unajua wako wangapi nyumba ile?"

"Nitawaandikia waje kliniki."

Alicheka mpaka akashikwa na kikohozi chake mwenyewe, kikohozi cha kiko na tumbaku ya kwao, akageuza uso mbali na dirisha mpaka kilipotulia. "Mzungu wa Mlandizi! Umekaa kwenye theluji mpaka umesahau kwenu. Hawa hawaji kliniki. Hawa watakuja kumwona mgonjwa. Wote. Na watoto wao wote, ili mgonjwa achangamke akiona wenzake. Watakuja na kuku, watakuja na uji, na kifaduro watakileta humohumo."

Hapo alikuwa na haki, na mimi nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni. Kwetu mtu asiyekwenda kumjulia hali mgonjwa wake amejitoa kwenye ukoo. Ukiwafungia mlango jamaa, wanasema mgonjwa amekufa na hospitali inaficha maiti. Walikuwa wamechelewa kwa sababu moja tu: mtoto mchanga wa ukoo uleule alikuwa amefariki kwa kikohozi, na walikuwa kwenye matanga. Matanga yakiisha, wangekuja.

Basi ilibidi twende kabla hawajaja. Na hapa niseme jambo ambalo lilikuwa linanichekesha na kunikera. Huyu mtu aliyekuwa akiwatisha watu wilaya nzima wachanjwe alikuwa anaogopa sindano. Hakuweza hata kuitazama. Kwenye kampeni alimshika mtoto kwa mikono miwili, imara kabisa, akafumba macho mpaka mtoto alipolia. Kuna mama aliwahi kumwuliza, "Bwana Afya, unamwombea?" Akajibu, "Naomba nzi wa kwenu wafe." Kwa hiyo kwenda Kibuta bila mimi kulikuwa sawa na kutokwenda.

Tulikwenda kwa Landrova ya hospitali, chanjo ndani ya sanduku la barafu. Tulikuwa tumetuma habari kwa mwenyekiti wa kijiji kwamba tutakuwa shuleni. Tulikaa shuleni. Jua lilipanda, barafu ilianza kulia ndani ya sanduku, na hakuna mtoto hata mmoja aliyetokea. Niligusa chupa za chanjo. Zilikuwa bado baridi, lakini si kwa muda mrefu.

Ndipo tuliposikia trekta.

Trekta la kijiji lilikuwa linatoka upande wa msikiti, likivuta tela. Kwenye tela walikuwa wamejaa: wanawake wenye vikapu, wazee, na watoto kila pengo lililobaki. Walikuwa wanakwenda Kisarawe kupanda basi la kuja kwetu. Matanga yalikuwa yameisha asubuhi ile. Na juu ya mngurumo wa injini nilisikia sauti niliyokuwa naiogopa, mtoto anakohoa, anakohoa, anakohoa, halafu anawika.

Bwana Afya alipuliza filimbi. Dereva alipunga mkono kama anayesalimia na kuongeza mwendo. Bwana Afya alikimbia, kofia ikaanguka, akafika katikati ya njia, akajilaza. Alilala chali kabisa, mikono kifuani kama maiti, miguu upande wa tairi.

Trekta lilisimama karibu naye kiasi kwamba vumbi lilimfunika soksi.

Kwanza walicheka. Watani hufanya hivyo. Msibani mtani anaweza kujilaza njiani asiwapishe watu mpaka apewe chochote, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Bibi, aliyekuwa amemwacha mjukuu wodini akaja matangani, alikuwa mbele kabisa kwenye tela. Akapiga kelele: "Mpagazi, umechelewa! Kaburi limekwisha funikwa. Amka tukupe kuku."

"Sitaki kuku."

"Basi mpeni shilingi, aende."

"Sitaki shilingi."

Kicheko kilipungua. Dereva akazima injini. Mjomba wa marehemu, mtu mzima mwenye kanzu, aliteremka, na sauti yake haikuwa ya utani. "Mtani, tumezika. Tuna mgonjwa Kibaha. Tupishe."

"Nimewasikia mmezika," alisema Bwana Afya akiwa amelala vilevile, macho angani. "Nami ndiyo maana nimelala. Kilichomuua mliyemzika kimo ndani ya tela. Kisikilizeni."

Na kana kwamba ameambiwa, yule mtoto akakohoa tena, mpaka mwisho, mpaka kuwika. Mama yake alimbana kifuani, akamfunika kichwa kwa kanga.

Nilidhani watampiga. Vijana wawili walikuwa wameteremka, na mmoja alikuwa na fimbo. Kumwambia mtu siku ya kuondoa matanga kwamba kifo amekibeba mwenyewe ni jambo ambalo hata mtani hulisema mara moja tu maishani. Mimi nilikuwa nimesimama na sanduku langu, nikihisi barafu inavyozidi kuwa maji. Bibi aliteremka polepole. Akamsogelea Bwana Afya, akasimama juu yake.

"Unataka nini, wewe?"

"Mikono," alisema. "Mikono ya watoto wote walio hapa na waliobaki nyumbani. Sista aichome. Halafu watoto wabaki Kibuta, na wanaokohoa wabaki, hata wakubwa. Wengine nendeni mkamwone mtani wangu kupitia dirishani, kama mimi. Nikikosa mikono, washeni trekta. Sitanyanyuka."

"Na huyu mtoto wangu wa Kibaha, akikosa kuwaona wenzake, atasemaje?"

"Atasema baadaye, mtani. Tunataka awepo wa kusema."

Bibi alimtazama. Kisha akageuka, akamshika mjukuu wa kwanza aliyekuwa karibu, akamvuta shati. "Sista," aliniambia, "anza na huyu, ndiye mkorofi."

Tulichanja palepale njiani, kivulini mwa tela. Wote waliokuwa na umri wa chanjo walipita, kasoro yule aliyekwisha ugua, ambaye nilimpa dawa na nafasi kwenye Landrova akalazwe Kisarawe, mbali na wodi yetu. Bwana Afya aliwashika mmoja mmoja, macho ameyafumba, vumbi mgongoni. Mikono yangu haikukosea hata chupa moja. Ng'ambo nilikofundishwa hakuna aliyechanja namna hiyo, nami naamini hakuna ambaye angeweza.

Lakini sindano moja haitoshi, wala haifanyi kazi siku ileile. Ilibidi turudi mwezi uliofuata, na mwingine. Muda wote huo, wodini, mlango ulikuwa na sheria ya Bwana Afya: mwenye kikohozi haingii. Aliiandika kwa chaki kwenye ubao, na wa kwanza kufungiwa alikuwa yeye mwenyewe. Nilimwambia kikohozi cha kiko si kifaduro, avae kitambaa aingie amwone mtoto aliyembeba mgongoni. Akakataa. "Nikiingia mimi kwa sababu ni Bwana Afya, kesho ataingia mwenyekiti kwa sababu ni mwenyekiti." Kwa hiyo Mwanahawa alimjua kama sauti. Alikuwa analala na mrija tumboni, akisikia baiskeli, anasema, "Mtani wa mkojo huyo."

Siku ilipofika, mimi ndiye niliyegundua. Nilikuwa nabadilisha shuka, nikagusa godoro. Limelowa. Nilidhani mrija umevuja. Nikaukagua, mkavu. Nikagusa tena, nikanusa vidole, mimi mwenye stashahada, nikanusa kama mtu anayenusa waridi. Bibi alikuwa ananitazama bila kupumua.

"Ni mkojo," nilisema.

Kwetu mtoto wa miaka minne akikojoa kitandani anachekwa. Bibi alilitwaa lile shuka, akalikunjua, akatoka nalo nje amelinyanyua kwa mikono miwili kama kanga ya harusi, akipiga vigelegele kuzunguka uwanja wa hospitali. Bwana Afya alikuwa anaingia getini. Aliliona lile shuka. Hakuuliza swali lake. Alishuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akasimama wima mpaka shuka lilipopita.

Mambo hayakuishia hapo. Mkojo ulipozidi, tuliutoa mrija, na daktari akataka kitanda. Walikuwepo wengine wanaosubiri. Lakini Kibuta sindano ya tatu ilikuwa bado, na mtoto aliyetoka kwenye ugonjwa ule asingeweza kupelekwa katikati ya kifaduro akiwa mwembamba kama ufito. Nilibishana na daktari nikashindwa. Bwana Afya hakubishana. Alitoa ufunguo wa nyumba yake ya serikali akampa bibi, na yeye, ili kikohozi chake kikae mbali na mtoto, akahamia kwenye stoo ya mabomba ya kupulizia mbu.

Siku ya pili bibi alikuja hospitali akiwa na filimbi shingoni. Aliikuta imetundikwa msumarini, akaichukua. Alimkuta Bwana Afya mbele ya ofisi, penye watu, akaipuliza kwa nguvu zake zote.

"Wewe! Choo chako hakina paa!"

"Mtani, taratibu."

"Mvua ikinyesha mtu anachukua mwavuli! Mimi ulinitoza faini kwa mlango uliopinda, wewe choo chako kinaangalia mbingu! Nzi wa kwako ana maisha mazuri kuliko mwenye nyumba!"

Watu walicheka mpaka wakaegemea ukuta. Yeye alisikiliza hadi mwisho akitikisa kichwa kwa huruma. Jioni ile nilimwona akibeba makuti. Sijui kwa nini mtu kama yule aliishi bila paa la choo. Nyumba yake nzima ilikuwa hivyo: kitanda kimoja, sufuria moja, pasi ya mkaa inayong'aa. Usafi wake wote aliutoa nje.

Sindano ya tatu ilichomwa. Mwanahawa akarudi Kibuta. Mvua za masika zilipokuja kifaduro kilipita tena kwenye ile mistari ya nyumba, kikaingia huku na huku. Kwa bibi hakikuingia. Nilikwenda mwenyewe kuhakikisha, nikakaa kwenye kibaraza kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, nikisikiliza watoto wakigombania kibuyu. Waligombana vizuri kabisa, hakuna aliyewika.

Miaka ilipita. Nilipanda cheo, nikawa msimamizi wa chanjo, na sioni aibu kusema kwamba nilistahili. Bwana Afya alistaafu. Hakurudi Tabora, alichukua shamba dogo la mikorosho Vihingo, hukohuko Kisarawe. Mara ya mwisho kuonana naye kwa muda mrefu ilikuwa miaka ile ya foleni za sabuni, na haikuwa kwa kheri. Nilikuwa nimepewa taarifa na mganga wa zahanati ya huko: mzee ana kifua kikuu, makohozi yamepimwa, dawa ipo, lakini inaanza na sindano, kila siku kwa wiki nyingi. Amekataa. Anasema aletewe vidonge peke yake au aachwe. Vidonge peke yake visingetosha. Alikuwa anakwisha.

Nilipita Kibuta kumwambia bibi, ambaye sasa miguu ilikuwa haimchukui. Alinisikiliza. Kisha akamwita Mwanahawa, msichana wa darasa la tano mwenye shingo ndefu, akamnong'oneza kitu sikioni, akampa kikapu cha mihogo. "Nenda na Sista," alisema. Nilimwonya mtoto njiani: utakaa nje kwenye hewa, hutaingia ndani. Akaitikia.

Alikuwa kitandani, mlango wazi. Kaptura ya kaki ilikuwa bado na mikunjo, lakini ndani yake hapakuwa na miguu ya kutosha. Aliponiona akashika kitambaa mdomoni, akanyoosha fimbo kuziba mlango.

"Mwenye kikohozi ni mimi, Sista. Sheria unaijua. Usiingie."

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Na sindano yako irudishe kwenye gari. Nimeiona."

Nilimweleza. Nilitumia kila nilichosomea na kila nilichojifunza baada ya kusoma. Alisikiliza hadi mwisho akitikisa kichwa kwa huruma. Akauliza, "Vidonge umeleta?"

Hapo Mwanahawa akasogea. Aliweka kikapu chini. Akajilaza chali mbele ya kizingiti, nje, juu ya mchanga, mikono kifuani, sare ya shule na yote.

Bwana Afya alimtazama. Hakuwahi kumwona karibu tangu siku aliyombeba mgongoni akiwa amevimba. "Huyu nani?"

"Mtani wako," alisema yule msichana, macho angani. "Nimekojoa asubuhi. Vizuri tu."

Fimbo ilishuka kidogo.

"Amka, mwanangu. Utachafuka. Chukua korosho pale, upeleke kwa bibi."

"Sitaki korosho."

"Nina shilingi..."

"Sitaki shilingi."

Mzee alikohoa muda mrefu, kitambaa kimebanwa. Kikohozi kilipotulia, alikuwa anacheka bila sauti, mabega yanatikisika, na macho yake yalikuwa yamelowa. Kwa kikohozi au kwa kitu kingine, sikumwuliza.

"Wazaramo," alisema. "Mnafundishwa vibaya."

Akafumba macho. Akanyoosha mkono wake mwembamba juu ya kizingiti, juu ya msichana aliyelala, kuja kwangu.

"Si mkono, Bwana Afya," nilisema. "Hii inachomwa nyuma."

Alifumbua jicho moja. "Mzungu wa Mlandizi, hukuniambia."

"Hukuuliza."

Mwanahawa aligeuza uso upande wa mikorosho bila kuambiwa, lakini hakunyanyuka. Mzee aligeuka taratibu, akashika ukingo wa kitanda. Nilifunga kitambaa changu, nikamruka msichana, nikaingia. Nilimdunga. Mwili wote ulikakamaa, kisha ukaachia.

"Imekwisha?"

"Ya leo imekwisha."

Alibaki na uso ukutani. "Na kesho tena?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ilitoka chini, mchangani.

"Na kesho nitalala hapahapa."